Waya Huanzia Mtoni

(Hotuba ya wakili mmoja wa Mahakama Kuu mbele ya mkutano wa wanachama na wageni waalikwa)



Nimeombwa nizungumze juu ya njia ya umeme itokayo Ethiopia, na juu ya mpango wa kuongeza kiasi cha umeme tunaonunua kupitia njia hiyo. Najua wapo miongoni mwenu wanaonong'ona kwamba mkutano wa wanamageuzi haukuitishwa ili watu wafundishwe habari za nguzo na volti. Nawaomba radhi, nami nitawajibu mapema. Tunauzungumzia waya huu kwa sababu wapo Wakenya ulioyagusa maisha yao bila wao kuulizwa, na kwa sababu sheria, ambayo ilipaswa kuwa ngao yao, ilitumiwa kama mkasi wa kuwakata na kuwaweka nje ya shauri lililowahusu. Hilo ni jambo la mageuzi hata kama halina bendera wala wimbo.

Njia yenyewe huanzia Wolayta-Sodo, kusini mwa Ethiopia, na kuishia Suswa. Urefu wake ni kilomita 1,045, na kati ya hizo kilomita 612 zimo katika ardhi yetu. Huingia nchini upande wa Moyale, ikashuka Marsabit, Samburu, Isiolo, Laikipia na Nyandarua hadi ikafika Nakuru. Hupitisha umeme wa kilovolti 500, na ilijengwa iweze kubeba hadi megawati 2,000. Mnamo Julai 2012 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 684 kwa ajili yake, na katika hizo dola milioni 441 zilikuwa mkopo wa Kenya, yaani deni langu na lako. Tulianza kununua umeme kwa njia hiyo Novemba 2022, chini ya mkataba wa miaka 25: megawati 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha kupanda hadi megawati 400.

Angalieni majina ya kaunti niliyoyataja. Turkana haimo. Nalitaja hili kwa sababu ndilo kiini cha maneno yangu.

Umeme hauchimbwi Suswa. Kwa sehemu kubwa umeme wa Ethiopia hutoka kwenye mabwawa, na mojawapo ya mabwawa makubwa ni Gibe III, ukuta wa mita 243 uliosimamishwa kuvuka Mto Omo, wenye mitambo ya megawati 1,870. Mto Omo ndio mama wa Ziwa Turkana. Takriban asilimia 90 ya maji ya mito yaingiayo ziwa hilo huletwa na Omo. Nalo ziwa halina mlango wa kutokea: maji yakiingia, huondoka kwa jua na upepo tu, zaidi ya mita 2 kila mwaka. Ziwa la namna hiyo ni kama mgonjwa anayeishi kwa dripu. Anayeshika mrija ndiye anayeshika uhai wake.

Wala si kwamba thamani ya bonde hilo haikujulikana. Bonde la Omo ya Chini liliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980. Hifadhi za Ziwa Turkana, yaani Sibiloi na Kisiwa cha Kati, ziliingizwa mwaka 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa mwaka 2001. Mwaka 2018 hifadhi hizo zetu zilihamishiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mto umelindwa kwenye chanzo cha habari na kwenye mwisho wa habari. Katikati ndipo palipojengwa ukuta.

Sasa tazameni jinsi makaratasi yalivyopangwa.

Ujenzi wa bwawa ulianza mwaka 2006, kwa mkataba uliotolewa bila zabuni ya ushindani. Tathmini ya athari zake kwa mazingira ilikuja kuidhinishwa mwaka 2008, kuta zikiwa zinaendelea kuinuka. Mwaka huo huo wa 2006 serikali yetu ilitia saini hati ya maelewano na Ethiopia juu ya kununua umeme. Kwa hiyo tangu siku za kwanza mnunuzi alikuwapo, na mnunuzi alikuwa sisi. Lakini ilipofika zamu ya kuitayarisha njia ya umeme, iliandikwa kama mradi mwingine kabisa, wenye tathmini yake na orodha yake ya watu watakaoathirika. Orodha hiyo iliwahesabu wale ambao nguzo zingesimama katika mashamba na malisho yao. Mvuvi wa Kalokol hakuhesabiwa, maana hakuna nguzo iliyosimama Kalokol.

Mvuvi huyo alipolalamika juu ya bwawa, aliambiwa kwamba bwawa liko katika nchi nyingine, nasi hatuna mamlaka juu ya nchi ya watu. Alipolalamika juu ya waya, aliambiwa kwamba waya haupiti kwao. Tena kwamba umeme utakaosafirishwa hautoki Gibe III peke yake bali hutoka katika gridi yote ya Ethiopia. Mlango wa kwanza alifungiwa kwa sababu uko mbali, na wa pili kwa sababu si wake.

Hoja ya gridi nataka niijibu kwa heshima, kwa maana ina ukweli ndani yake. Ni kweli umeme hauna rangi. Ukishamwagwa katika chungu kimoja pamoja na ule wa upepo na ule wa bwawa kuu la Mto Abbai, lililozinduliwa Septemba 2025, hakuna fundi awezaye kusema hii ni megawati ya Omo na hii ni ya Nile. Lakini hebu tuifuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Ikiwa kila anayechota katika chungu anaweza kusema hajui alichochota kimetoka wapi, basi hakuna mchotaji atakayewajibika milele kwa lolote lililotendeka ili chungu kijae. Katika sheria ya jinai, mtu anayenunua mali sokoni huku akijua kwamba sehemu ya mali hiyo ina mashaka haruhusiwi kujitetea kwa kusema ilichanganywa. Iweje serikali iruhusiwe?

Ndugu zangu, mimi ni wakili, nami nimezoea kuwaona watu wakiwa wamegeuzwa kuwa majina katika majalada. Basi nilikwenda mwenyewe. Pale Kalokol nilisimama mbele ya kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilikusudiwa kuwafanya wafugaji wawe wavuvi, na samaki wao wagandishwe na kupelekwa masoko ya mbali. Katikati ya miaka hiyo ziwa lilirudi nyuma, Ghuba ya Ferguson iliyokuwa ikitoa samaki wengi ikakauka, na kiwanda kikabaki kutazama mchanga. Kisha Oktoba 1990 serikali ya wakati huo ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa hasira juu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na Wanorwe wakafunga virago. Wazee waliopo hapa wanazikumbuka siku hizo vizuri kuniliko. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. (Mtu aliyedhani kwamba siasa za Nairobi na samaki wa Turkana ni vitu viwili angalilitazama jengo lile kwa dakika tano tu.)

Huko huko mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Alitaka kujua ni nani anayelipima ziwa, na akishalipima humwambia nani. Hakuniuliza habari za Katiba wala za Ethiopia. Alitaka kujua tu ni nani aliye na kamba ya kupimia.

Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu najua tutakayoambiwa tukitoka nje ya ukumbi huu. Tutaambiwa: mlipiga kelele kwamba ziwa litakauka, mbona limejaa? Na kweli limejaa. Bwawa lilipokuwa likijazwa, kati ya Januari 2015 na Januari 2017, kina cha ziwa kilishuka kwa takriban mita 1.5. Baadaye mvua kubwa zilinyesha katika nyanda za juu za Ethiopia, na kutoka miaka ya 2019 na 2020 ziwa likapanda hadi likazamisha nyumba, barabara na malisho ya watu. Wapo waliotabiri ukame tu, nao yawapasa wakiri kwamba hawakuliona hilo. Mimi nakiri kwa niaba yangu.

Lakini kujaa kwa ziwa hakujibu malalamiko yetu. Jambo kubwa katika Omo halikuwa kiasi cha maji peke yake. Lilikuwa ni wakati wake. Kila mwaka mto ulikuwa ukifurika baada ya mvua za nyanda za juu. Mafuriko hayo yalibeba udongo mweusi wenye rutuba, yakaumwaga kwenye kingo na kwenye delta. Maji yakipungua, Wadassanech, Wanyangatom na wenzao walipanda mtama katika tope lile bila mbolea wala mfereji. Samaki nao hufuata maji ya mafuriko hadi kwenye kingo zenye nyasi ili wazae. Bwawa kazi yake ni kuyashika mafuriko na kuyatoa kidogo kidogo mwaka mzima, kwa maana mitambo haitaki msimu, inataka mfululizo. Waliolijenga walilijua hilo, ndiyo maana waraka wao uliahidi mafuriko ya kutengenezwa ya siku 10 kwa mwaka. Siku kumi! Ahadi hiyo haikuwa na shahidi wa upande wetu, wala hakuna Mkenya aliyepewa uwezo wa kuidai.

Kadhalika kuna mashamba makubwa ya miwa yaliyofunguliwa chini ya bwawa, ambayo huyanywa maji ya Omo na hayarudishi. Na kuna bwawa jingine, Koysha, linalojengwa chini ya Gibe III. Koysha nayo itahitaji soko. Waya wenye nafasi ya megawati 2,000 ambao tumeutumia kwa sehemu ya kumi tu ni soko linalongoja. Na tangu njia yetu ilipounganishwa na Tanzania kupitia Isinya hadi Singida, soko hilo limepanuka zaidi. Siwalaumu Watanzania wala Waethiopia kwa kuhitaji mwanga. Ninasema tu kwamba kila megawati tunayoiongeza katika mkataba ni sababu moja zaidi ya kuyashika maji ya Omo.

Sasa nije kwenye sheria.

Mwaka 1989, Wangari Maathai alipokwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika Bustani ya Uhuru, Mahakama Kuu ilimfukuza. Haikusema kwamba jengo ni jema. Ilisema kwamba yeye hana haki ya kusimama mahakamani, kwa sababu hasara hiyo haikumpata yeye binafsi kuliko watu wengine. Huo ndio ulikuwa ukuta wa zama zile: mali ya wote haikuwa na mlalamikaji. Tuliuvunja polepole. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ilifungua mlango nusu. Katiba ya 2010 ikaung'oa. Kifungu cha 70 kinasema mtu anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mtu yeyote amepata hasara. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 69 kinailazimisha serikali ihimize ushirikishwaji wa wananchi katika kusimamia mazingira. Maneno hayo hayakushuka kama mvua. Watu walilala korokoroni ili yaandikwe.

Nao watu wa ziwa waliyatumia. Shirika la Friends of Lake Turkana lilikwenda mahakamani, na tarehe 19 Mei 2014 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikatoa hukumu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria aisome. Mahakama haikujidai kuitawala Ethiopia. Iliigeukia serikali yetu wenyewe. Iliiamuru iweke wazi makubaliano yote iliyofanya na Ethiopia juu ya kununua umeme wa Gibe III. Na ikaiamuru ichukue hatua za kuhakikisha kwamba mali ya asili ya Ziwa Turkana inatunzwa na kutumiwa kwa njia endelevu katika makubaliano yoyote ya kununua umeme huo.

Hapo ndipo mkasi ulipovunjika. Mahakama iliuunganisha tena waya na mto. Ilitambua kwamba ingawa Kenya haiwezi kuamuru bwawa libomolewe, Kenya ni mnunuzi, na mnunuzi ana sauti. Yeyote aliyewahi kwenda soko la Gikomba anajua kwamba muuzaji humsikiliza mwenye pesa. Tunaweza kuandika ndani ya mkataba kwamba tutanunua, ila mafuriko ya msimu yaachiliwe kwa siku kadhaa zilizokubaliwa. Kwamba vipimo vya maji yanayotolewa vitangazwe kila juma. Kwamba wawakilishi wa pande zote mbili za mpaka wavikague. Hilo halihitaji jeshi wala vita vya ubalozi. Linahitaji kalamu.

Ndiyo maana nasema mkataba wa 2022 ulikuwa nafasi, na kupanda kutoka megawati 200 hadi 400 ni nafasi nyingine. Nauliza: ni nani pale Kalokol, au kule Loiyangalani kwa Waelmolo, aliyewahi kuletewa mkataba huo na kusomewa kwa lugha anayoielewa? Mwaka 2011 Bunge letu lenyewe lilipitisha azimio la kutaka kazi ya bwawa isimamishwe hadi athari zake zichunguzwe. Azimio hilo lilikwenda wapi? Uchunguzi wa pamoja wa bonde zima, kutoka nyanda za juu hadi ziwani, ambao UNESCO imeusisitiza tena na tena, unapaswa kutangulia saini. Kwetu saini imezoea kutangulia.

Wapo watakaosema tunawanyima wananchi stima ya bei nafuu. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito, kwa sababu mimi nami hulipa bili, na umeme huu kweli ni wa bei ya chini kuliko ule wa mitambo ya mafuta. Lakini mwanga huo unamwangazia nani? Bwawa la Turkwel lilimalizika mwaka 1991, nalo pia lilijengwa bila zabuni ya ushindani. Megawati zake 106 zikasafirishwa hadi Lessos, na kwa miaka mingi mji wa Lodwar ukaendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli. Ile mitambo 365 ya upepo karibu na Loiyangalani ilisimama bure tangu 2017 hadi Septemba 2018 ikingoja njia ya umeme, tukalipa faini ya mabilioni, na njia ilipokamilika ikaelekea Suswa. Njia ya Ethiopia nayo inaelekea Suswa. Kaskazini imekuwa mahali pa kupitisha mwanga.

Sisemi waya ukatwe. Umeshajengwa, deni tunalilipa, na hospitali zinautegemea. Ninapinga kuongezwa kwa megawati hata moja kupitia njia hiyo, na ninapinga njia nyingine yoyote ya kuchukua umeme wa Omo, mpaka mkataba usomwe hadharani kando ya ziwa, uchunguzi wa bonde zima ukamilike na kuchapishwa, na mafuriko ya msimu yaandikwe kama sharti la ununuzi. Serikali ikikataa, hukumu ya 2014 ipo, na mahakama iko wazi.

Kwa sasa tuanze na kidogo. Nimetayarisha barua kwa Wizara ya Nishati chini ya Kifungu cha 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Inadai nakala ya mkataba wa ununuzi, na vipimo vyote vya kina cha ziwa ambavyo serikali inavyo tangu 2015, ili nipate cha kumjibu yule mzee wa wavu. Barua iko juu ya meza karibu na mlango. Haina maneno makali, kwa hiyo hata mtumishi wa serikali anaweza kuitia saini bila hofu. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Tutaipeleka Jumatatu asubuhi, na siku ya ishirini na moja, wakijibu au wasijibu, naomba Mwenyekiti atuitishe tena katika ukumbi huu huu.